Mwenyeji akaitwa mwitu

Ukitoka Tanga mjini kuelekea Muheza, au ukishika njia ya Pangani, mkonge umepangwa mistari mpaka macho yanachoka kuufuata. Kila aliyekulia mkoa huu anajua kwamba zao hilo ndilo lililoijenga Tanga. Wengi wamesikia pia kwamba ni la kuja: mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kwao hasa ni Meksiko. Kinachosahaulika ni kwamba jina halikuja na meli ile. Jina mkonge lilikuwepo pwani tayari, na lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe ni ule mmea wa majani manene yaliyochongoka, yenye mabaka ya kijani iliyokolea na iliyopauka, unaojiotea chini ya vichaka vya nchi kavu. Wataalamu waliuita Sansevieria, na siku hizi wameuingiza katika jenasi ya Dracaena. Nyuzi zake zilisokotwa kamba, mitego na nyuzi za pinde tangu zamani, kabla Mjerumani hajalima hata ekari moja. Mmea wa Meksiko ulipofika na kuonekana una nyuzi za namna ileile, watu wakaupa jina walilokuwa nalo mdomoni. Mashamba yakaenea, viwanda vikajengwa, na jina likahamia kwa mgeni moja kwa moja. Leo ukimwonyesha kijana wa Korogwe ile Sansevieria ya kichakani, atakwambia huo ni mkonge pori.

Habari hii inaniuma. Mmea uliokuwa na jina lake umebaki na jina la kuazima, tena lenye kiambatisho cha kuudunisha, na umefanyiwa hivyo kwenye ardhi yake. Wala si mkonge peke yake.

Chukua mzambarau. Ule wa uani, wenye matunda yanayoupaka ulimi rangi hadi rangi yenyewe tukaiita zambarau, ni Syzygium cumini, mti wa Asia ya Kusini. Ndugu yake wa hapa, Syzygium guineense, umeota kandokando ya mito ya Afrika miaka yote, lakini kwa Kiswahili unaitwa mzambarau mwitu. Panda sasa Nyanda za Juu Kusini, Njombe na Iringa. Kule miti ya jamii hii ina jina lake, mivengi, na mtu anayehimiza utunzaji wa vyanzo vya maji hasemi tupande mizambarau mwitu. Anasema tupande mivengi, na kila mwanakijiji anajua ni mti gani na kwa nini unafaa pale chemchemi inapoanzia.

Nadhani sababu ni mahali Kiswahili kilipokulia. Ni lugha iliyokomaa bandarini, ambako miche na mbegu za Bahari ya Hindi zilishushwa zikazoeleka mjini kabla watu wa mjini hawajaijua misitu ya nyuma yao. Aliyetunga jina mzambarau mwitu alikuwa amesimama pwani akitazama bara. Aliuona mti wa bara akauita kwa kuufananisha na ule wa uani kwake. Ndiyo maana kamusi zetu zimejaa mwitu na pori: ufuta pori, tikiti mwitu, zabibu mwitu, mchicha pori. Ukilisoma neno hilo vizuri, halisemi mengi kuhusu mmea. Linaonyesha mtoa jina alikuwa upande gani wa uzio.

Hata kwenye mboga neno hilo linapotosha. Tunaambiwa mnavu, mchunga na mgagani ni mboga za mwituni. Nenda shambani wakati wa palizi utazame jembe la mama wa kijijini linavyotembea. Linang'oa ndago, linang'oa ukoka, likifika penye shina la mnavu linazunguka na kuliacha. Hakuupanda. Lakini hakuuua pia, na mbegu zake zitaanguka palepale zingojee mvua ijayo. Amefanya hivyo yeye, mama yake na bibi yake. Mmea uliochaguliwa na jembe kwa vizazi vyote hivyo si wa mwituni. Kwetu wanasema umejiotea, na neno hilo naliona sahihi zaidi kuliko mwitu, kwa kuwa linasema jinsi ulivyofika bila kuuondoa kwenye hesabu ya nyumba. Bwana shamba akija na daftari lake atauandika gugu. Mwenye sufuria atauandika kitoweo. Wote wawili wanatazama shina moja.

Sasa uufuate huo mnavu kwa majina yake. Uchagani wanasema mnafu. Ukivuka mpaka, Wakikuyu wanauita managu, na jina hilo limekuwa la biashara Nairobi nzima, sokoni hata kwenye supamaketi, kwa watu wa makabila yote. Waluhya wanasema lisutsa, Wakisii rinagu, Wajaluo osuga. Uganda, kwa Kiganda, ni ensugga. Tazama hayo mawili ya mwisho: Kijaluo na Kiganda hazina undugu, moja ni ya Kiniloti na nyingine ya Kibantu, na bado majina yao yanaitikiana. Lazima wake za watu waliuziana mboga hii huko kandokando ya Ziwa Viktoria, wakauziana na jina lake, mtu asijue tena ni la nani.

Na chini ya jina moja la mnavu hakuna mmea mmoja. Kuna Solanum scabrum wa majani mapana na matunda ya zambarau iliyokolea, kuna Solanum villosum wa matunda ya rangi ya chungwa, kuna Solanum americanum wa vitunda vidogo vyeusi. Wauza mboga wanaitofautisha kwa jani na kwa uchungu. Bibi mzaa mama, Mbondei wa Muheza, alikuwa na mnavu wa kupikia tui la nazi na mnavu wa kuchanganya na mboga nyingine, na hakuwahi kuhitaji mtu wa kumwambia kwamba ni spishi mbili. Nilipomuuliza wanatofautiana kwa jina gani aliniambia, "Mjukuu wangu, huu mtamu na huu mchungu, wataka jina gani tena?"

Balaa linaanzia mnavu unapofasiriwa. Kiingereza kimeuweka kwenye kundi la mimea iliyoitwa nightshade, yaani kivuli cha usiku, na humohumo mna Atropa belladonna, mmea wa Ulaya na Asia ya Magharibi wenye sumu kali ya kuua mtu. Mimea hiyo miwili ni ya familia moja, sawa na nyanya, viazi na bilinganya, lakini si mmoja. Jina la kundi limefanya watu wengi wa Ulaya wauogope mnavu kizazi kwa kizazi. Sasa hofu hiyo inarudi kwetu kupitia simu. Mama kijana anatafuta mtandaoni faida za mnavu kwa mtoto, anapelekwa kwenye jina la Kiingereza, na kutoka hapo anapelekwa kwenye ukurasa unaosema usile, utakufa. Anaacha mboga yenye madini ya chuma na vitamini iliyokuwa ikichumwa nyuma ya jiko la mama yake. Kuna ukweli mdogo wa kuzingatia, nao wazee wanaujua: vitunda vibichi vya kijani vina solanini na havifai kuliwa. Majani huchemshwa, na wengi humwaga maji ya kwanza. Ujuzi huo ulikuwa unasafiri pamoja na jina mnavu. Haukusafiri pamoja na jina la Kiingereza.

Mgagani nao una utajiri wake. Wakalenjin wanauita saget, Wakisii chinsaga, Wajaluo akeyo au dek. Watu wa Nairobi wamefupisha, wanasema saga. Lakini jina ninalolipenda kuliko yote ni la pwani, mkabilishemsi, yaani unaolikabili jua. Ni sentensi nzima ndani ya neno moja, nayo ni sentensi ya mtu aliyekaa akaangalia. Majani ya mgagani kweli hugeuka kulifuata jua linavyokwenda angani. Zaidi ya hapo, mgagani hutumia njia ya usanisinuru iitwayo C4, ileile ya mahindi na mtama, inayoufaa mmea mahali pa jua kali na joto. Mboga za majani nyingi hazina njia hiyo. Watafiti wa mimea wanaitumia spishi hii maabara ili kuelewa C4 inavyofanya kazi. Aliyetunga mkabilishemsi hakuwa na maabara, ila alichokiona kilikuwa kweli, na amekihifadhi mahali ambapo mtoto anaweza kukiokota kwa kutamka tu. Inanisikitisha kwamba wapwani wenzangu wengi chini ya miaka 40 hawajawahi kulisikia.

Ukifika Rwanda na Burundi uwe na masikio makali. Isogo ni mnavu. Isogi ni mgagani. Irabu moja ya mwisho inabadilisha sufuria nzima, na mgeni anayeandika kwa haraka atauandika mmoja mahali pa mwingine. Mchicha Burundi wanauita lengalenga, na Wakongo wa mashariki wanaozungumza Kiswahili husema hivyohivyo. Mtanzania akiwa Bukavu akiomba mchicha asishangae akitazamwa.

Kuna majina mengine ambayo hayakuwahi kuwa ya mmea. Mlenda ni hilo. Magharibi ya Kenya mrenda, au murere, ni Corchorus olitorius, ule ambao Wajaluo wanauita apoth na Wamisri mulukhiya. Ukifika Dodoma na kuagiza mlenda utaletewa kitu kilekile kwa ulimi, kinachovutika, lakini kwenye chungu yawezekana kabisa pameingia majani ya jamii ya ufuta pori yaliyokaushwa na kusagwa kuwa unga wa kutumia kiangazi kizima. Mwingine atatia majani ya bamia. Mgogo hajakudanganya. Mlenda kwake ni namna chakula kinavyoteleza, na mmea wowote unaoteleza hivyo una haki ya jina. Mtu anayekwenda kijijini na fomu yenye safu mbili, jina la kienyeji upande mmoja na la kisayansi upande wa pili, atajaza safu ile na kuondoka na data isiyo na maana, kwa sababu hakuuliza kama mlenda ni mmea au ni mapishi.

Mchunga ni hadithi fupi. Ni Launaea cornuta, mchungu haswa. Wasambaa wanasema mshunga, Wamijikenda mutsunga, na uchungu kwa Kimijikenda ni utsungu. Hapo jina limefanya kazi ya onyo kwa mgeni na kazi ya sifa kwa mwenyeji, kwani wanaoupenda mchunga huupenda kwa uchungu wenyewe.

Kila nikiandika mambo haya watu hunijibu kwamba dawa ya fujo hii ni majina ya kisayansi. Nayaheshimu sana, na bila hayo nisingeweza kusema lolote katika makala hii. Carl Linnaeus alipoyapanga majina ya mimea kwa maneno mawili mawili mwaka 1753 alitupa chombo kisicho na mfano. Lakini hayo nayo yametungwa na watu waliosimama mahali fulani. Ukwaju ni mti wa asili ya Afrika. Waarabu waliuzoea kupitia biashara ya India wakaliita tunda lake tamr hindi, tende ya Kihindi, na Linnaeus akalichukua hilo akaongeza na lake: Tamarindus indica. Kwa hiyo jina rasmi la mkwaju, kwenye kila kitabu cha dunia, linasema Uhindi mara mbili.

Hapa kwetu milimani kuna jambo la karibu zaidi. Mwaka 1892 mkuu wa wilaya ya Tanga wakati wa Wajerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alikuta ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye unyevu na kivuli. Alilipeleka kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina Saintpaulia ionantha, kwa heshima ya ukoo huo. Ua hilo likawa miongoni mwa maua ya ndani yanayopendwa kuliko yote, lipo madirishani kuanzia Ulaya mpaka Marekani. Wajerumani mpaka leo wanaliita Usambaraveilchen, na jina la milima yetu limo humo. Waingereza walilipanua wakaliita la Afrika nzima, na Usambara ikapotea. Siku hizi wataalamu wameliweka chini ya Streptocarpus, kwa hiyo hata jina la yule mkuu wa wilaya limerudi nyuma. Mimea yenyewe imebaki michache, kwenye vipande vya msitu vinavyozidi kupungua, na watu wanaopita chini ya miamba ile hawajui kwamba mamilioni ya nyumba huko nje zinalimwagilia ua la kwao.

Halafu kuna mchongoma. Methali yetu inasema kuupanda mchongoma, kuushuka ndio ngoma. Mchongoma wa pwani kwa kawaida ni Flacourtia indica. Ule wa uzio wa bara, wenye miiba mirefu na matunda ya manjano yenye ukakasi, ni Dovyalis caffra kutoka Afrika Kusini. Tazama hilo neno la pili. Ni kafiri, lilelile la Kiarabu tunalolijua sote, ambalo wafanyabiashara wa Kiarabu waliwaitia Waafrika wasio Waislamu wa upwa huu, Wareno wakalichukua, na likafika kusini likawa tusi la kumdhalilisha mtu mweusi, tusi ambalo leo Afrika Kusini linaweza kukufikisha mahakamani. Mimea mingi imelibeba. Hata mng'ongo wetu, Sclerocarya birrea, una nususpishi iliyopewa neno hilo. Julai 2024, kwenye Kongamano la Kimataifa la Botania huko Madrid, wanasayansi walipiga kura, na pendekezo la Gideon Smith na Estrela Figueiredo wa Afrika Kusini likapita: kwa spishi zaidi ya 200 za mimea, kuvu na mwani, caffra inakuwa affra kuanzia 2026. Herufi moja imeondolewa na neno limegeuka kuwa la Afrika. Wapo waliolalamika kwamba sayansi imeingiliwa na siasa. Mimi naona siasa iliingia siku jina lile lilipoandikwa, na Madrid ilikuwa ni kuitoa.

Majina ya watu wa kawaida hayangoji kongamano. Yanashtaki papo hapo. Baringo, Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980 ulipandwa mti wa Prosopis juliflora, asili yake Amerika, ili watu wapate kuni na ardhi isimomonyoke. Nia ilikuwa njema. Mti ukashika uwanda mzima, ukaziba njia za mifugo na malisho, na maganda yake yenye sukari yakaharibu meno ya mbuzi hadi Wailchamus, wenyeji wa pale, wakamfikisha mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi. Mti wanauita mathenge. Ni jina la mwanamume wa Kikuyu, yaani jina lisilo la pale, na kila anayelitamka anasema kwamba hili si letu, tuliletewa. Wasomali wanauita garanwaa, yaani usiojulikana. Waafar wa Ethiopia wameuita mti wa Woyane, kwa jina la utani la chama kilichotwaa nchi mwaka 1991. Mti mmoja, na katika majina yake unaweza kusoma kila jamii inamtazamaje aliyeiletea. Wanasayansi nao wameshauhamisha, sasa ni Neltuma juliflora. Sidhani kama Baringo watashtuka.

Gugu karoti la Arusha ni kinyume chake, na linanitia hofu. Parthenium hysterophorus lilipewa jina hilo kwa kuwa majani yake yamefanana na ya karoti. Ni jina jepesi kukumbuka, limesaidia wakulima kulitambua. Lakini karoti ni kitu cha kula, na mmea huu unawasha ngozi, unaleta shida ya kupumua, na ng'ombe akiula maziwa yanaharibika ladha. Ningetamani jina lake lingekuwa na ukali kidogo.

Hapo ndipo suala la majina linapoacha kuwa la kupendeza. Mwarobaini, Azadirachta indica, kwa wengi unaaminika kutibu maradhi 40. Pwani ya Kenya wanauita pia mkilifi. Unao ndugu, Melia azedarach, unaopandwa barabarani na mashuleni kwa kivuli na maua, na watu wameuita mwarobaini nusu. Neno nusu linamfanya msikilizaji adhani dawa ni ileile ila nguvu imepungua, kwa hiyo aongeze kipimo. Matunda ya Melia ni sumu kwa binadamu na kwa mifugo. Kwenye makundi ya WhatsApp nimeona ujumbe wa tiba ya mwarobaini ukiwa na picha ya Melia, na chini yake watu wakiitikia amina na kuusambaza. Tofauti zake zinaonekana kwa macho. Jani la mwarobaini lina kikonyo kimoja chenye vijani pande mbili, vyenye meno pembeni. La Melia limegawanyika tena na tena. Ua la mwarobaini ni jeupe, la Melia ni la zambarau hafifu. Tunda la mwarobaini ni la mviringo mrefu. La Melia ni duara, la manjano, na hubaki limening'inia mtini majani yakishapukutika.

Mbono ni hatari vilevile. Kuna mahali mbono ni mnyonyo, ule wa mafuta ya nyonyo, ambao wapwani wengine wanauita mbarika. Kwingine mbono ni Jatropha curcas, mmea uliotoka Amerika, ambao kwa kupandwa kwenye makaburi umeitwa mbono kaburi, na ambao miaka ya 2000 ulitangazwa kama mkombozi wa mafuta ya magari. Mbegu za yote miwili zina sumu, kila moja ya namna yake. Lakini mafuta ya nyonyo yaliyosafishwa kiwandani huuzwa dukani kama dawa, na mtu anayeambiwa kwa simu atumie mafuta ya mbono, yeye akiwa wilaya ambayo mbono ni ule wa makaburini, anaweza kukamua kitu kingine kabisa na kumnywesha mtoto. Msemaji amesema kweli na msikilizaji amesikia sawasawa, na mtoto bado yuko hatarini.

Kwa hiyo siungi mkono wazo linalozungumzwa mara kwa mara, la kuchagua jina moja sanifu la Kiswahili kwa kila mmea na kuyaacha mengine yafe. Tukifanya hivyo tutapoteza mkabilishemsi, tutapoteza mivengi, na mbono utaendelea kuwa na maana mbili vijijini hata kamusi ikisema ina moja. Ninachotaka ni kila jina liandikwe pamoja na mahali pake. Nikikusanya majina huko Muheza na Lushoto naandika lugha, kijiji, sehemu ya mmea inayotumika, inatumikaje, na kama huyo anayeniambia ni mkulima, mganga au muuza mboga, kwa kuwa mara nyingi hao watatu hawauiti mmea mmoja kwa jina moja. Napiga picha ya jani pande zote mbili, ya ua na ya tunda. Nauliza pia swali ambalo nimejifunza kwa bibi: je, upo mwingine unaoitwa hivihivi? Jibu karibu kila mara ni ndiyo, na ndipo mazungumzo yenyewe huanza, mtu anainuka, anakupeleka nyuma ya nyumba kukuonyesha.

Fanya hivyo na wa kwenu, hasa wale waliokwisha kuzeeka. Na ujumbe wa tiba ukikufikia kwenye simu ukiwa na jina la mti bila kutaja jina hilo ni la wapi, mwulize aliyekutumia ni mti gani na wa wapi. Akishindwa kukujibu, usiupeleke mbele.